Nora Aliyeondoka, Laura Aliyerudi

Tulipoijadili tamthilia ya Henrik Ibsen, Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere, wenzangu wengi walikwama mlangoni. Nora Helmer anamwacha mume na watoto watatu, anafunga mlango, anakwenda zake. Mama gani huyu? waliuliza. Mimi naona tulianza kuhesabu mwishoni. Nora alikuwa ameanza kuulipia uhuru wake miaka mingi kabla ya usiku ule.

Tamthilia ilichapishwa mwaka 1879. Nchini Norway, mwanamke asiyeolewa alitambuliwa kisheria kuwa mtu mzima tangu 1863, lakini akiolewa aliwekwa chini ya mamlaka ya mumewe, na hali hiyo ilidumu hadi 1888. Hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Basi Torvald alipougua na madaktari wakashauri apelekwe kusini, Nora alikopa kroni 4,800 kwa siri na kughushi sahihi ya baba yake kama mdhamini. Akalipa kidogo kidogo: alijinyima nguo, akajifungia usiku kunakili maandishi kwa ujira. Anamsimulia rafiki yake Kristine kwamba kazi ile ilimchosha, lakini ilimfanya ajione karibu kama mwanamume. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anapoonja uhuru kwa mara ya kwanza, akiwa ndani ya deni. Torvald anapogundua, haoni mke aliyemwokoa. Anaona jina lake linachafuka.

Kristine naye aliolewa na mtu asiyempenda ili awatunze mama yake mgonjwa na wadogo zake wawili. Tena yupo yaya, Anne-Marie, aliyemwacha mwanawe kwa watu ili apate kazi ya kumlea Nora. Huyu naye alimwacha mtoto, ila kwa umaskini, na darasani hatukumtaja hata mara moja.

Lawama kwa Nora si mpya. Mwaka 1880 mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho ule, akidai yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen, kwa kuchelea wengine wasiiharibu kazi yake, aliandika mwenyewe mwisho mwingine: Nora anaongozwa hadi mlango wa chumba cha watoto, anaishiwa nguvu, anabaki.

Kubaki huko kunanikumbusha mwanamke wa kweli ambaye Ibsen alichota kisa kwake. Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana naye, alikopa kwa siri ili mumewe mwenye kifua kikuu aende Italia. Deni lilipombana alimwomba Ibsen ampendekezee muswada wake kwa mchapishaji. Ibsen alikataa. Laura akaghushi hati ya malipo, akagunduliwa. Mumewe akamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto wakaondolewa mikononi mwake.

Sijui nimsamehe vipi Ibsen kwa hilo. Aliyefunga mlango ni Nora, ambaye hakuwa na mwili wa kuona njaa wala baridi nje. Laura alimsihi mumewe amrudishe nyumbani, akarudi kwa ajili ya watoto, na watu wakaendelea kumwita Nora.