Mguu mmoja umevimba: kipimo kipi huonyesha damu iliyoganda?

Ukiwa mjamzito, au ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, damu huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Bonge la damu likiziba mshipa wa ndani, mguu mmoja huvimba, huuma na huwa wa moto. Kwa wajawazito mara nyingi ni wa kushoto. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Kipimo ndicho huthibitisha.

Altrasaundi
Ndicho kipimo cha kwanza. Mtaalamu hupaka jeli na kuubonyeza mshipa kwa kifaa, kuanzia kinenani hadi nyuma ya goti. Mshipa wenye afya hubonyea. Wenye bonge haubonyei. Hakina mionzi, na ni salama kwa mtoto aliye tumboni. Lakini huona kwa shida mishipa ya nyonga, na bonge dogo chini ya goti linaweza kupitwa. Ukiambiwa hakuna kitu na dalili bado zipo, muulize daktari kuhusu kurudia baada ya siku 5 hadi 7.

CT
Huonyesha haraka mishipa ya nyonga na tumbo. Hutumia mionzi na dawa ya kuonyesha mishipa inayochomwa kwa sindano. Sema mapema kama ni mjamzito, una ugonjwa wa figo au mzio.

MRI
Haina mionzi na huona nyonga vizuri. Ni ghali na huchukua muda. Sema kama una chuma mwilini.

Eksirei
Ya kawaida haionyeshi bonge.

Ukiwa Rulenge au jirani
Anzia hospitali iliyo karibu. Eleza kwamba unahitaji altrasaundi ya mishipa ya mguu. Ile ya kuangalia mtoto haichunguzi mguu. Kwa vipimo vikubwa unaweza kupewa rufaa, kwa mfano Bugando, Mwanza. Safari ni ndefu, kwa hiyo uliza: "Je, nianze dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya kipimo?" Mara nyingi haifai kusubiri.

Mama aliyejifungua asikandwe wala kusuguliwa mguu uliovimba.

Wahi hospitali mara moja
Ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma, ukikohoa damu au kuzimia, bonge huenda limefika kwenye mapafu. Usingoje asubuhi.