Gitaa Langu Halijalegea, Nimelishusha Makusudi

Kila nikiweka video hapa, lazima mtu aandike: "Buda, gitaa lako limelegea." Wasee, halijalegea. Nyuzi zote sita nimezishusha toni nzima: E imekuwa D, A imekuwa G, na zingine zikafuata. Najua apu ya simu inasema nimekosea. Lakini hebu tuulize, nani aliipa apu ukubwa wa kuamua?

Apu inafuata A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Hiyo namba haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1859 Ufaransa iliweka 435, na kwingine Ulaya watu walikuwa na zao. 440 ilikubaliwa kwenye mkutano London mwaka 1939. Ni makubaliano tu, yanasaidia okestra kucheza pamoja. Hapa Mto Tana, Wapokomo walikuwa wanabembeleza watoto vizazi na vizazi kabla ya huo mkutano. Na wapiga ngoma hupasha ngozi motoni mpaka ilie wanavyotaka wao.

Sasa njooni 1963. Kenya inajiandaa kwa uhuru, na kamati ya watu watano inatafuta wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi yaliyochaguliwa yalitoka kwetu, kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, na Mzee Meza Galana ndiye anayetajwa kuyatoa. Yaani ule wimbo unaokufanya usimame wima uwanjani ulianza mgongoni mwa mama.

Bendi ya tarumbeta lazima isikike uwanja mzima, sina ubaya nayo. Lakini mimi niko Wema na gitaa kavu, nataka ule wa mtoto. Nikikaza nyuzi hadi pale apu inapotaka, sauti yangu inapanda, napiga kelele, na mtoto anaamka. Hiyo si bembelezo tena, ni gwaride.

Mtu atasema, "Si ubadilishe kodi tu?" Inawezekana, lakini unapoteza zile nyuzi wazi zinazoendelea kuvuma chini ya wimbo. Ukishusha toni nzima unabaki na kodi zilezile, na mkazo wa nyuzi unapungua karibu asilimia 21. Vidole vinapumzika, hata shingo ya gitaa la bei rahisi inapata nafuu. Ubaya wake ni kwamba nyuzi nyembamba zinaweza kugonga freti, kwa hivyo weka nene kidogo. Na ukialikwa kucheza na wenzako, funga kapo freti ya pili, umerudi palepale pa kawaida.

Kwangu mimi jambo kubwa ni hili. Wanaojua kuimba bembelezo vizuri ni nyanya zetu, na hawatakuwa nasi milele. Wengi wetu tunaimba wimbo wa taifa bila kujua ulitoka kando ya mto huu. Kwa hivyo ukienda kumrekodi nyanya yako, usimpigie noti ya simu umwambie aifuate. Mwache aanze mwenyewe, pale sauti yake inapokaa. Sikiliza. Halafu legeza nyuzi umfuate yeye.