Kipimo cha kolinesterasi

Kipimo cha kolinesterasi ni uchunguzi wa damu unaoonyesha kiasi ambacho viuatilifu vimevuruga upashanaji wa ishara kati ya neva na misuli. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, penye kahawa ya Tengeru, maua ya Usa River na nyanya za Ngarenanyuki, ni kipimo kinachomhusu mkulima kuliko vingi vyenye majina makubwa.

Neva hutoa asetilikolini kuuamrisha msuli ujikaze; kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja papo hapo, amri ikakoma. Viuadudu vya jamii ya oganofosfati na kabamati hukifunga kimeng'enya hicho. Amri ikikosa wa kuizima, mate na jasho hutiririka, mboni za macho hunywea, misuli hutetema, na pumzi ikibana mtu hufa.

Njia iliyoenea maabara ni ya George Ellman na wenzake, ya mwaka 1961. Damu, ambayo chembe zake nyekundu nazo zina kimeng'enya hicho, hutiwa asetilithiokolini. Kimeng'enya kilicho huru huivunja, na zao lake hukutana na kitendanishi likatoa rangi ya manjano, inayosomwa kwa mwanga wa nanomita 412. Manjano ikichelewa kukolea, kimeng'enya kimefungwa. Sampuli hukaa kwenye baridi na kupimwa mapema, hasa penye kabamati, kwani hizo hukiachia kimeng'enya baada ya saa chache, hata damu ikiwa chupani.

Ugumu hasa uko kwenye kusoma majibu. Viwango hutofautiana mtu na mtu, hivyo mwenye kiwango cha juu aweza kupoteza theluthi nzima na bado akaandikiwa "kawaida". Ndiyo maana jimbo la California hulinganisha mfanyakazi na kipimo chake mwenyewe cha kabla ya kunyunyiza: kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya hapo, anaondolewa kwenye kazi ya viuatilifu. Kibarua wa msimu, mwenye bomba mgongoni leo huku na kesho kule, ni nadra kuwa na kumbukumbu hiyo.

Kando ya mlima huohuo wa Meru, huko Ngaramtoni, ndiko ilikokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kazi zake sasa ziko chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, kwa sheria ya 2020.

Hospitalini daktari hasubiri maabara: akiona dalili, huanza atropini. Majibu humsaidia baadaye kuamua mgonjwa arudi lini shambani. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na kimeng'enya kilichokwisha kushikwa sawasawa na oganofosfati hurejea kadiri chembe mpya zinavyozaliwa.