Wakala na Aliyemtuma

Neno wakala limeingia katika lugha yetu kutoka Kiarabu tangu zamani, likazoewa na wafanyabiashara wa pwani kwa kazi za kununua, kuuza na kupokea mizigo, na leo mtoto wa Dar es Salaam akiambiwa aende kwa wakala hujua kwamba anatumwa kwenye kibanda cha kuweka na kutoa fedha za simu. Katika miaka hii michache neno hilo limetwishwa mzigo mwingine, kwani linatajwa kwa programu za akili unde ambazo hazingoji kuulizwa na kujibu tu, bali hukabidhiwa shughuli, zikasoma barua, zikalinganisha bei, zikajaza hati, kisha zikarejea kwa aliyezituma na habari ya yaliyokwisha. Na wanaoziuza wamekuwa makundi mawili: wako wanaomuuzia mtu mmoja wakala wake wa kukaa naye katika kompyuta na simu yake, na wako wanaoiuzia taasisi jukwaa zima la mawakala, lenye daftari zake, walinzi wake na mipaka iliyowekwa na wakubwa. Watu hubishana ni lipi bora kati ya mawili haya, na aghalabu mabishano huishia kwenye bei na wepesi, ilhali jambo lenyewe lina tarehe ndefu ambayo yafaa isomwe kabla ya mkoba kufunguliwa.

Masheikh wa pwani waliodarisisha Minhaj, kitabu cha fikihi cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, walipofika mlango wa uwakala hawakuanza na sifa za wakala hodari. Walianza na mwenye kutuma, maana asiye na mamlaka juu ya jambo hana la kumkabidhi mwingine. Katika madhehebu ya Shafi, wakala aliyetumwa kuuza pasi na kutajiwa masharti hana ruhusa ya kuuza kwa mkopo, wala kwa sarafu isiyo ya mji ule, wala kwa hasara iliyo dhahiri. Hana ruhusa ya kujiuzia nafsi yake. Wala hawezi kumtuma mtu wa tatu mahali pake bila ya idhini, illa kazi yenyewe iwe hailaiki naye au imemshinda. Yeye ni amini, hatozwi kilichopotea mkononi mwake maadamu hakuvuka mpaka wala hakuzembea. Na uwakala huvunjika wakati wowote mmoja wao atakapo, na hukatika kwa mauti au kwa wazimu. Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu mengi katika masharti hayo yamerudi, karne nyingi baadaye, kuwasumbua wahandisi wa Marekani ambao hawakuwa wakifikiria fikihi hata kidogo.

Kompyuta zilipoanza kuuzwa kwa wenye biashara, hapakuwa na la kuchagua kati ya mashine ya mtu na mashine ya taasisi. Mashine za System/360, ambazo IBM ilizitangaza Aprili 1964, zilikuwa za serikali, benki na viwanda. Zilikaa katika vyumba vyake vyenye ubaridi, zikahudumiwa na watu maalumu, na karani aliyehitaji hesabu alipeleka ombi lake akangoja zamu. Utaratibu huo ulikuwa na manufaa yake, kwa kuwa kila hesabu ilijulikana imetoka wapi na nani aliitaka. Bali ulikuwa mzito, na kungoja siku kadhaa kwa jambo la robo saa kulimfanya mtu mwenye akili atafute njia ya kuuzunguka.

Njia hiyo ilifunguliwa na Dan Bricklin, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa biashara katika chuo cha Harvard, alikuwa akitazama hesabu zikipangwa ubaoni kwa safu na mistari, na kila tarakimu moja ilipobadilishwa, zote zilizoitegemea zikafutwa na kuandikwa upya. Akawaza ubao ambao ungejifuta na kujiandika wenyewe. Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakatunga programu iliyoitwa VisiCalc, ikatoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Apple II. Yaliyofuata ndiyo yanayonivuta mimi zaidi katika tarehe hii yote. Wahasibu na mameneja waliochoka kungoja walinunua Apple II kwa fedha zao, au kwa mafungu madogo ya idara zao, wakaziingiza ofisini bila ya kumwomba ruhusa msimamizi wa kompyuta kubwa, na mtu mmoja mezani pake akaweza kuuliza usiku ule ule faida itakuwaje bei ya mali ikipanda, akajibiwa kabla chai haijapoa. Agosti 1981 IBM yenyewe ikatoa kompyuta ya binafsi, na jambo lililoanza kwa siri likawa desturi.

Lakini uhuru ule ulikuja na madhara yake. Kila meza ikawa na hesabu zake, kila diski na nakala yake, na wakuu wa idara wakakaa katika mkutano mmoja na jumla mbalimbali za jambo moja pasiwe na wa kusema ipi ni sahihi na nani ameibadilisha. Taasisi zikajibu kwa kuziunganisha mashine kwa nyaya, zikaweka hazina ya pamoja, majina na maneno ya siri, hata ile kompyuta iliyokuwa ya binafsi ikawa tena mlango wa nyumba ya mwajiri. Sioni kwamba upande mmoja ulikuwa na haki na mwingine hauna: mhasibu alikuwa na haki ya kufanya kazi yake, na taasisi ilikuwa na haki ya kujua mali yake iko wapi.

Mawakala wenyewe, kwa jina hilo hilo, walianza kushughulikiwa kwa bidii katika miaka ya tisini, nao wakazaliwa wakiwa wamekwisha gawanyika. Pattie Maes wa chuo cha MIT alieleza mwaka 1994 wakala aliyejifunza kwa kumtazama mtu mmoja, kana kwamba amesimama begani mwake, namna alivyopanga barua pepe na miadi yake, hata akapata yakini ya kutosha kumshauri, na yakini ikizidi, kutenda badala yake; na mpaka wa kushauri na mpaka wa kutenda iliwekwa na mwenye mashine mwenyewe. Huyo alikuwa wakala wa mtu. Upande wa pili ilikuwako kampuni ya General Magic, iliyoasisiwa mwaka 1990 na watu waliotoka Apple, ambayo ilitunga lugha ya Telescript, na mawakala walioandikwa kwa lugha hiyo walisafiri ndani ya mtandao wa kampuni ya simu ya AT&T, ulioitwa PersonaLink, kila mmoja akiwa na hati ya ruhusa iliyomwekea kikomo cha umri wake na cha matumizi yake, asiweze kuzurura milele wala kumaliza mali ya aliyemtuma. Msomaji aliyepita mlango wa uwakala katika Minhaj atamtambua mara moja wakala aliyefungwa masharti.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilipotoa ChatGPT, programu ya mazungumzo ya akili unde, kisa cha Apple II kilirudi karibu neno kwa neno. Wafanyakazi walianza kuitumia kabla ya mabwana zao kujua. Na katika mwaka 2023 ilibainika kwamba wahandisi wa Samsung walikuwa wameiingizia siri za programu za kampuni yao, hata kampuni ikapiga marufuku matumizi ya namna hiyo. Agosti mwaka ule ule OpenAI ikatoa toleo la taasisi, ikiahidi kwamba maneno ya mteja hayatatumiwa kuifundisha mashine. Novemba Microsoft ikatoa Copilot Studio, ambamo taasisi hujitengenezea mawakala chini ya sheria zake. Na Januari 2025 OpenAI ikamtoa Operator, wakala wa kuzuru tovuti kwa niaba ya mtu binafsi na kumfanyia manunuzi. Wahasibu wa 1979 waliingiza mashine ofisini, ilhali hawa wa 2023 walitoa maneno ya ofisi nje, na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa karatasi iliyosahauliwa mezani huweza kuokotwa, bali neno lililokwisha kutumwa katika mashine ya mwingine halirudishwi.

Hapo ndipo sharti la kwanza la masheikh linapokata shauri. Mwenye kupanga safari yake, kusoma barua zake na kutunza hesabu za duka lake ana mamlaka juu ya vitu hivyo, na wakala wa binafsi anamlaiki. Mwenye kushika mafaili ya wagonjwa au mishahara ya wenziwe ameshika amana, na hana la kumkabidhi wakala wake mwenyewe hata angekuwa hodari namna gani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimelifanya hilo kuwa wajibu wenye adhabu.

Wala taasisi isidhani kwamba ikinunua jukwaa imeondokewa na dhamana. Nchini Kanada, Februari 2024, baraza la kuamua madai la British Columbia liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo ya nauli yasiyo sahihi na programu ya mazungumzo ya Air Canada. Kampuni ilikuwa imedai, kwa namna, kwamba programu ile ilibeba jukumu la matendo yake yenyewe, na baraza likakataa, likaiamuru ilipe. Hukumu ile naiona ya haki kabisa. Lakini nina khofu nyingine juu ya wakala wa taasisi, nayo ni kwamba akikaa begani mwa karani miaka mitano, akajifunza mkono wake na hukumu yake, siku karani atakapoondoka elimu ile hubaki kwa mwajiri; na mtumishi anayemwita "wakala wangu" yule ambaye hawezi kumwekea mpaka wala kumuuzulu, anamwita kwa jina lisilo lake.

Mwaka 1996 AT&T iliufunga mtandao wa PersonaLink, na mawakala waliokuwa wakiishi humo wakakosa pa kwenda, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kampuni. VisiCalc nayo ilikwisha kushindwa sokoni kabla ya hapo, na kampuni iliyoitunga ikanunuliwa na kampuni ya Lotus mwaka 1985. Lakini Bricklin aliliweka toleo lake la kompyuta ya IBM katika tovuti yake, faili lisilofikia kilobaiti 28, na mtu akilichukua hata leo akaliweka katika mashine inayoweza kuliendesha, huandika tarakimu katika mraba mmoja, na miraba iliyoitegemea ikajiandika upya.