Sidiai

Sidiai (pia CDI) ni kifaa kinachoamua wakati wa plagi kutoa cheche katika injini za pikipiki nyingi, hasa za zamani. Kapasita yake huhifadhi umeme wa volti 200 au zaidi, kisha huuachia ghafla kwenye koili, ambayo hupandisha volti hadi maelfu mengi.

Kwa kuwa imezibwa kwa gundi ngumu, ikifa hubadilishwa tu. Lakini bodaboda inayozimika ikipanda kutoka Moshi kwenda Marangu wakati wa mvua huenda ina plagi iliyolowa, soketi yenye kutu au waya wa ethi uliolegea. Hivyo hupimwa kwanza, kabla ya kununua spea. Sidiai ya AC na ya DC hazibadilishani, hata soketi zikifanana.