Viti 22, mwanamke mmoja

Jumapili iliyopita nilikuwa Bahi kwa mama mkubwa. Huyu ndiye anayeongoza sala za jumuiya mtaani kwao na kufundisha watoto katekisimu, na akianza kuyafafanua maandiko kwa Kigogo hata padri hutulia akasikiliza. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, alikuwa binti tu. Kwao wakahamishwa na kupelekwa kijiji cha ujamaa. Nilipomwambia nataka kuandika habari za wanatheolojia, akaniuliza, "Ndio watu gani hao, mwanangu?" Nikakosa jibu la haraka.

Basi leo historia kidogo, mtanivumilia.

Agosti 1976 walikutana Dar es Salaam wanatheolojia 22 kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini, Karibi na kwa Wamarekani weusi. Hapo ndipo kilipozaliwa chama kiitwacho kwa kifupi EATWOT, yaani Umoja wa Kiekumene wa Wanatheolojia wa Dunia ya Tatu. Naam, hapa hapa kwetu, na sidhani kama nilifundishwa hilo shuleni. Wazo lilianza kupikwa na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Leuven, Ubelgiji, akiwemo Oscar Bimwenyi wa Zaire. Rais wa kwanza akawa J. Russell Chandran wa India, na katibu mtendaji Sergio Torres, padri wa Chile. Charles Nyamiti, padri wetu Mtanzania, naye ana makala katika kitabu kilichotokana na mkutano ule.

Tamko lao lilikuwa kali. Theolojia ya darasani isiyogusa matendo waliikataa. Kwao kazi inaanza kwa kusimama na maskini, kuandika kunafuata. Na Dar ya wakati ule, makao ya vyama vya ukombozi, ilikuwa mahali pake kabisa kusema hivyo.

Lakini uanachama je? Hapa ndipo ninapong'ang'ania. Theolojia ianzie kwa maskini, sawa, ila kiti unakipata ukiwa msomi na umealikwa. Watu wa Bahi waliohamishwa miaka mitano tu kabla ya hapo, walio kwenye reli hiyo hiyo inayotoka Dar, walikuwa wanazungumziwa.

Walibishana pia kuhusu Wamarekani weusi: mtu anayeishi nchi tajiri kuliko zote anaingiaje Dunia ya Tatu? Hatimaye ikakubalika kuwa Dunia ya Tatu ni hali ya maisha, si ramani. Mkutano wa Accra, Desemba 1977, James Cone alikuwepo.

Swali la wanawake lilichukua muda zaidi. Katika wale 22 mwanamke alikuwa mmoja, Beatriz Melano Couch wa Argentina. New Delhi, mwaka 1981, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana akawaambia waziwazi kwamba ndani ya mapinduzi yao kuna mapinduzi mengine yanabisha hodi. Miaka miwili baadaye, Geneva, ikaundwa kamisheni ya wanawake ndani ya chama. Oduyoye mwenyewe baadaye akawa rais wa EATWOT. Lakini hakusubiri cheo: mwaka 1989, huko Ghana, yeye na wenzake walizindua Mduara wa wanawake wanatheolojia wa Afrika, uliopokea Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, kazi yao kutafiti na kuchapisha.

Kuchapisha! Mama mkubwa hajawahi kuchapisha hata tangazo la mkutano.

Nilimsimulia yote haya akiwa anapeta mchele barazani. La Cone halikumgusa. La Couch ndilo lililomfanya ashushe ungo.

"Huyo mmoja walimwachia aseme?"

Nikamwambia mada yake imo kitabuni.

"Haya," akasema, akaendelea kupeta.