Kabla Ununue Hii Mashua, Soma Historia Yake

Wasee, wiki iliyopita niliposti picha ya mashua inayouzwa Embu. Ndiyo, Embu. Ni katamarani ndogo ya ufukweni: bodi mbili nyembamba zimeunganishwa kwa vyuma, katikati kuna turubai gumu la kukalia, juu yake mlingoti na tanga. Mjomba aliipata Pwani ikiwa imetupwa juani, akaipandisha kwa kanta mpaka Embu, na kwa miezi minane akaitengeneza kwenye gereji yake, pale pale anaponyoosha bodi za matatu. Mtu wa matatu anajua faiba kuliko mtu wa mashua, hivyo ndivyo yeye husema. Sasa anaiuza, na mimi ndiye nilipewa kazi ya tangazo. Ikienda, napata kumi kwa mia.

Komenti ya kwanza ilisema: "Hiyo ni michezo ya wazungu. Sisi huku ni miraa na muguka." Ikapata laiki nyingi kuliko picha yenyewe. Nilicheka, lakini ikanikaa kichwani, kwa sababu hata tangazo langu lilikuwa na fikra hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandika: "Mashua ya kifahari kutoka ng'ambo, kama mpya." Nikaanza kusoma hii kitu imetoka wapi. Leo nawapa nilichopata, halafu niwaambie kwa nini tangazo limebadilika.

Tuanze na jina. Katamarani si neno la Kiingereza kwa asili. Waingereza walilitoa kwa Watamil wa kusini mwa India: kattu ni kufunga, maram ni mti. Miti iliyofungwa pamoja, basi. Wavuvi wa kule walikuwa wanafunga magogo kwa kamba na kuingia nayo baharini. Lakini hii ya bodi mbili tunayoiita katamarani leo, mizizi yake iko mbali zaidi, kwenye visiwa vya Pasifiki. Wapolinesia walikuwa wanaunganisha mitumbwi miwili kwa miti ya kukingama, wanapakia watu, mbegu, nguruwe na kuku, wanafuata nyota. Hivyo ndivyo Hawaii, Tahiti na New Zealand zilipata watu, karne nyingi kabla Mzungu yeyote ajue visiwa hivyo viko.

Wazungu walipoiga, wenzao hawakufurahi. Mwaka wa 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake, Amaryllis, kwenye mashindano ya New York. Iliwaacha wengine mbali sana. Walioachwa wakalalamika kwamba hiyo si mashua halali, na ikanyang'anywa ushindi. Baada ya hapo watu wakaacha muundo huo kwa miaka mingi, si kwa sababu ulishindwa, bali kwa sababu ulishinda.

Uliamka tena Hawaii. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Woody Brown aliona mitumbwi ya wenyeji wa visiwa vya Pasifiki ikikimbia majini, na mwaka wa 1947 yeye na wenzake wakaunda Manu Kai, katamarani ya kisasa ya kutia nanga ufukweni. Kisha akaja Hobie Alter wa California, fundi wa mbao za kuteleza kwenye mawimbi. Mwaka wa 1968 alitoa katamarani ya futi 14, na baadaye kidogo ya futi 16 ambayo imeuzwa zaidi ya laki moja duniani. Bodi zake zimebinuka upande mmoja kuliko mwingine, kwa hivyo hazihitaji ubao wa kushushwa chini ya maji ili mashua isiteleze kando. Usukani unajikunja ukigusa mchanga. Watu wawili wanaisukuma mpaka majini bila gati wala trela kubwa. Ya Mjomba ni ya mtindo huo.

Sasa turudi nyumbani. Ukishuka kusini mwa Mombasa ukaenda mpaka Zanzibar na Komoro, utaona ngalawa. Ni mtumbwi wa gogo, mara nyingi la mwembe, wenye miti ya kukingama na kielea kila upande ili upepo usiupindue. Angalia vizuri: ni wazo lile lile. Badala ya kufanya mashua iwe nzito ndiyo isipinduke, unaipanua. Watafiti wengi wanaiunganisha ngalawa na watu wa lugha za Austronesia. Tawi moja la watu hao lilielekea Pasifiki, ambako wakawa hao Wapolinesia. Lingine lilivuka Bahari ya Hindi mpaka Madagaska, na ndiyo maana Kimalagasi kina undugu na lugha za kisiwa cha Borneo. Kwa hivyo katamarani ya California na ngalawa ya Zanzibar ni mabinamu. Tena binamu wa kwetu hakupitia California kufika.

Na kama unadhani hiyo haihusu Meru, fikiria ndizi. Ndizi asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na New Guinea. Ilifika Afrika kabla ya Wareno, na iliyoileta si ndege. Ule mkungu unaopakiwa kwenye lori pale Nkubu uende Nairobi, mababu zake walivuka bahari.

Halafu kuna Mbwaa. Kama una nyanya Mmeru, muulize. Simulizi inasema Wameru waliishi kwenye kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakiwa chini ya Nguuntune, watu wa nguo nyekundu. Hao mabwana walikuwa wanatoa amri zisizowezekana, kama kutengenezewa kiatu chenye manyoya ndani na nje. Amri zilipozidi, watu wakatoroka. Walipofika majini, kiongozi wao Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa Njeru, weupe. Koo zinahesabiwa hivyo mpaka leo.

Jeffrey Fadiman, mwanahistoria aliyekusanya simulizi za wazee wa Meru, aliiweka Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Si kila mwanahistoria anakubali. Lakini ona kitu kimoja: simulizi kubwa kuliko zote ya watu wa mlimani inaanza kisiwani. Na ndani yake hatuna mashua. Tumevuka kwa miguu, usiku, tukikimbia. Mtu anayesema maji si yetu hajasikiza nyanya yake.

Hata maji yenyewe hayajatuacha. Kathita inatoka Mlima Kenya, inapita Meru, inaingia Tana. Tana ndiyo inajaza mabwawa ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, kubwa kuliko yote, lilikamilika 1981, na ziwa lake lina zaidi ya kilomita za mraba 100 kati ya Embu na Machakos. Baada ya mabwawa, mto unapita Garissa unamwagika baharini Kipini, si mbali na Lamu. Maji yanarudi tulikosimulia kwamba tulitoka. Mashua ya Mjomba imejaribiwa Masinga. Kwa hivyo hapana, si kituko.

Sasa sehemu ngumu. Nikisoma hiyo historia nilikutana na sura ambayo hakuna muuzaji hupenda. Milingoti ya hizi katamarani za mwanzo ilikuwa alumini kuanzia chini mpaka juu, na ya futi 16 inafika kama mita 8. Watu waliisukuma mashua ikiwa imesimamishwa mlingoti, ukagusa waya wa stima, wakafa. Baada ya hapo, kuanzia miaka ya 1980, ncha ya juu ikaanza kutengenezwa kwa faiba isiyopitisha umeme. Nikaenda gereji na tochi ya simu. Mlingoti wa Mjomba ni ule wa zamani, alumini mpaka juu. Na unauzwa kwa mtu atakayeutumia Seven Forks, mahali ambapo sehemu ya stima ya nchi inatengenezwa na nyaya zimekatiza kila upande.

Nikabonyeza bodi pia, kwa kidole gumba, vile nilivyosoma. Faiba ya bodi hizi ina tabaka la povu katikati. Jua likikaa sana juu yake, tabaka zinaachana. Karibu na mlingoti, upande wa kushoto, chini ya ile rangi nyeupe safi, panabonyea.

Nikamwambia, "Mjomba, hapa panabonyea."

"Wewe andika. Mnunuzi ana macho."

"Na mlingoti?"

Akaniangalia kidogo. "Kijana wangu, ukisema kila kitu hakuna mtu atanunua. Matatu ngapi ziko barabarani zimepigwa rangi juu ya ajali? Kila kitu cha mitumba kina historia."

Hapo alikuwa amesema ukweli kuliko alivyotaka. Kila kitu cha mitumba kina historia, na ukiinunua unainunua nayo. Ukiificha, haipotei. Inamngoja mnunuzi akiwa katikati ya ziwa, ama akiwa amesimama chini ya waya. Na sisi tunaolalamika kwamba historia yetu ilipigwa rangi ya watu wengine, mpaka mtoto wa Meru anadhani mtumbwi ni kitu cha wazungu, hatuwezi kushika hiyo brashi tukiona pesa. Manze, mimi hiyo kumi kwa mia naihitaji. Lakini si hivyo.

Tulibishana. Siku tatu hakunijibu simu. Ya nne nikampata gereji amefungua ile rangi, anatoboa matundu madogo kwenye bodi ili atie gundi ndani. Kwenye mlingoti, usawa wa macho, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu ya matatu: ANGALIA STIMA JUU.

Tangazo sasa linasoma hivi:

"Katamarani ya ufukweni, futi 16, imetumika, imetengenezwa Embu. Tanga moja limeshonwa upya, jingine ni la zamani. Bodi ya kushoto ilikuwa inabonyea karibu na mlingoti, imetiwa gundi, njoo uibonyeze mwenyewe. Mlingoti ni alumini mpaka juu: ushushe kila unapoisogeza nchi kavu, na usiukaribishe kwa nyaya. Jaketi nne za kuokoa maisha ziko kwenye bei. Ilikuwa laki tatu na nusu, sasa ni laki mbili na themanini."

Mmoja aliyekuwa ameahidi kuja na pesa taslimu alisoma akanyamaza. Hiyo iliuma. Jana amepiga mwingine, kijana wa upande wa Kiritiri, babake huvua samaki bwawani. Hakuuliza bei. Ameuliza bodi ilibonyea wapi hasa, na gundi imekauka siku ngapi. Anakuja Jumamosi.